Mkono Kifundoni

"Nesi," Msusi alisema, "mwambie huyo aliyenishika mguu aniachie kidogo. Ananibana."

Muuguzi alitazama mwisho wa kitanda. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mguu wa kulia tu, umefungwa plasta mpaka chini ya goti, umeinuliwa juu ya mto, vidole vimechomoza vikiwa vimevimba na kung'aa. Akavibonyeza kimoja kimoja kuona kama damu inafika.

"Ni plasta hiyo, dada. Mtu akitoka upasuaji kila kitu kinambana."

"Si plasta. Ni mkono."

Muuguzi akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye wagonjwa wengi, akamfunika shuka, akaenda zake. Ilikuwa mchana baada ya chakula, saa ile wodi nzima inaposinzia na sauti pekee ni ya feni. Msusi akabaki akitazama dari na kuuhisi ule mkono. Vidole upande wa nje, dole gumba limetulia upande wa ndani, juu ya kile kinundu cha mfupa. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemshika hivyo, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mume wake alikuwa fundi viatu. Mtaa ulimwita Fundi, mkewe naye akamwita Fundi, ikazoeleka hivyo. Walijuana kwa sababu ya viatu: yeye alikwenda kibandani kwake kushonesha kandambili iliyokatika, Fundi akamshika kifundo kama mtu anayeshika yai, akamwambia, "Dada, wewe unasimama kutwa. Miguu hii inalia." Kweli, alikuwa msusi, na msusi husimama. Wakaoana. Kila jioni akirudi saluni Fundi alimvua viatu, akamkanda, akamuuliza neno lile lile, "Umechoka?" Aliliuliza huku ana misumari midogo midomoni, maana kazi alikuja nayo mpaka nyumbani, kwa hiyo sauti yake ilitoka imebanwa, nzito, ya pembeni mwa mdomo.

Walipanga ghorofa ya juu katika jengo la kizamani ambalo ngazi zake zilikuwa na nyufa, na kila mpangaji alikuwa amelalamika mpaka akachoka. Asubuhi moja walikuwa wanashuka, Fundi mbele, Msusi nyuma. Ngazi zikakatika chini yao. Waliokuja kuokoa walimkuta Msusi amelala juu ya kifusi, mguu wa kulia umezama kwenye shimo, umegeukia nyuma, mfupa umetoboa ngozi. Chini ya shimo alikuwapo Fundi, amekwisha kufa, na mkono wake ulikuwa umeshika kifundo cha mkewe. Iliwabidi wamfungue kidole kimoja kimoja. Alikuwa anamsukuma juu asizame, au alikuwa anajiokoa mwenyewe? Hilo hakuna aliyelijua.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, na wagonjwa walimwita Seremala kwa sababu waliopigwa ganzi ya mgongo walisikia keekee na nyundo yake wakiwa macho. Mwenyewe alilijua jina hilo na wala halikumkera. Alimweleza Msusi bila kumficha. Kifundo kilikuwa kimevunjika pande zote, ndani, nje na nyuma, na kiungo kilihama mahali pake. Kwanza alimwekea fremu ya chuma kwa nje kuushikilia mguu mpaka uvimbe na malengelenge yapungue, kwa maana ngozi iliyovimba ukiikata haifungi. Ilikuwa katika siku hizo za fremu, Msusi amelala na vyuma vimechomoza mguuni kama antena, ndipo Fundi alipozikwa. Hakumwona. Uvimbe uliposhuka, Seremala akafungua, akaipanga mifupa kama mtu anayeunganisha bakuli lililopasuka, akaibana kwa bamba na skrubu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipozinduka, ndipo alipoukuta ule mkono.

Aliporuhusiwa akapelekwa kwa mama mkwe wake, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Mama alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, bado anapika sufuria la kulisha darasa zima, kisha anakitazama chakula kikipoa. Fundi alikuwa mtoto wake wa pekee, na mumewe alimzika zamani, mtoto akiwa mdogo. Wale wanawake wawili wakawa wanapokezana kulia kama watu wanaopokezana zamu ya kazi. Mmoja akianza, mwingine anajifuta, anasema, "Basi, mwanangu," au, "Basi, mama."

Alasiri moja mama alikuwa uani anafua. Msusi alikuwa peke yake kitandani, na chumba kikaanza kunuka gundi ya viatu. Si harufu ya kupita. Ilikuwa ile nzito inayokaa kooni, imechanganyika na ngozi mbichi na moshi wa kibatari cha kulainishia soli. Ule mkono kifundoni ukajikaza, ukalegea, ukajikaza tena. Halafu chini ya shuka, upande wa miguuni, sauti iliyobanwa na misumari ikasema:

"Umechoka?"

Mtu mwingine angepiga yowe. Msusi alijifunika uso kwa kanga yake akalia kwa furaha.

"Nimechoka, Fundi," akajibu. "Nimechoka mno."

Tangu hapo kila alasiri alimngoja. Alimhadithia habari za wodini, akamwambia nani alikuja kumpa pole na nani hakuja. Sauti haikusema mengi. Iliuliza, "Halafu?" na yeye akaendelea. Akaanza kula. Siku moja mama aliingia na beseni akamkuta anatabasamu.

"Leo umecheka, mwanangu," mama akasema, na uso wake ukawa na shukrani na wivu kwa pamoja.

"Nimeota, mama."

Alificha. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuja siku ya kliniki.

Seremala aliipachika picha ya eksirei kwenye taa, akaitazama muda mrefu. "Umeukanyaga mguu huu?"

"Sijaukanyaga, daktari."

"Skrubu zimelegea. Mfupa haujaunga hata kidogo, uko kama siku niliyoufunga." Akaleta msumeno mdogo, akapasua plasta. Ilipofunguka, msaidizi wake aligeuza uso. Kidonda kilikuwa kinatoa usaha. Na kuzunguka kifundo, rangi ya bluu iliyoiva, kulikuwa na alama za vidole, na upande wa pili alama ya dole gumba.

Seremala akazigusa alama zile moja moja bila kusema kitu. Alikuwa mtu wa kusema, kwa hiyo ukimya wake ulimtisha Msusi kuliko usaha.

"Plasta ilikubana vibaya," hatimaye akasema, kama mtu anayejaribu neno kuona kama litamtosha. "Sikiliza, dada. Tukikaa hivi tutaupoteza mguu. Nataka kukufungua tena. Nitatoa chuma chote, nisafishe, nichukue kipande cha mfupa nyongani mwako nijaze palipo wazi, halafu nikurudishie fremu ya nje. Ni kazi ndefu. Lakini mfupa ukipata nafasi, huunga. Sijui kwa nini wako umekataa."

Msusi alijua. Alasiri ile, akiwa amerudishwa nyumbani na vidonge vya antibayotiki kungoja siku ya upasuaji, alingoja harufu ije, akanong'ona, "Fundi, nilegezee kidogo nipone."

"Usipone," sauti ikasema.

"Kwa nini, mume wangu?"

"Ukipona utaondoka."

"Niende wapi mimi? Nitakwenda wapi bila wewe?"

Misumari ikagongana midomoni mwa asiyeonekana. "Mbele," ikasema.

Kwa mara ya kwanza Msusi aliogopa. Fundi aliyemjua alimwambia kila asubuhi, "Nenda, nenda, wateja wanangoja." Fundi alimtengenezea viatu vya kwendea. Akatazama magongo yaliyoegemezwa ukutani, akatazama mlango uliokuwa wazi na jua la jioni lililoingia mpaka nusu ya sakafu, akajiambia nitatoka nje, nitakaa kibarazani na watu, basi. Akajiinua, akayashika magongo kwapani, akauning'iniza mguu mbovu nyuma bila kuukanyaga, akapiga hatua, akapiga ya pili, na alipofika kwenye mpaka wa jua na kivuli harufu ya gundi ikapanda kutoka sakafuni ikamjaa puani na kinywani, mkono ukajikaza kifundoni mpaka akazisikia skrubu zikisaga ndani ya mfupa kwa sauti ya meno, ukaanza kumvuta, si kwa nguvu ya mtu mwenye hasira bali polepole, kwa subira, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo akijua ndoo itakuja tu, gongo moja likateleza, la pili likafuata, akaanguka kifudifudi na kucha zake zikaparuza saruji akirudi nyuma, akirudi nyuma, hakuna mtu chumbani na yeye anaburutwa kuelekea chini ya kitanda ambako giza lilikuwa zito kuliko giza la jioni ile.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, nisaidie!"

Mama mkwe akaingia mbio na mwiko mkononi. Akamkuta mkwewe amelala sakafuni, nusu ya mwili uvunguni. Na kabla hajauliza lolote, kutoka uvunguni sauti ya mwanawe ikasema, imebanwa, nzito, ya pembeni mwa mdomo:

"Mama, mfungie mlango."

Mwiko ukaanguka. Mama alisimama pale mdomo wazi, machozi yakimtoka bila kilio. Kisha, Msusi akiwa bado sakafuni, mama aligeuka akaenda kuufunga mlango.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na watu wawili na kitu kimoja. Mama aliweka kigoda chake miguuni mwa kitanda, akawa anakaa hapo kutwa, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Jiko lilipoa. "Sema tena," alikuwa akinong'ona. "Niite tena." Nayo ilimwita. Msusi homa ilimpanda. Mguu ulikuwa unatoa harufu mbili sasa, gundi na uozo, wala hazikutengana.

"Mama," akasema jioni moja kwa sauti ndogo, "mguu wangu unaoza. Yeye anaona na haachii. Fundi angekubali nioze?"

Mama alilikunja na kulikunjua pindo la nguo yake. Mwishowe akainuka, magoti yakalia. "Nitamwita mtu," akasema, kama mtu aliyenyang'anywa.

Aliyeitwa alikuwa mwosha maiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye kucha fupi na harufu ya sabuni, aliyewaosha wanawake wa mtaa mzima, na pia aliwasomea waliopagawa. Kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila mfiwa lilikuwa "tulia," watu walimwita Mama Tulia. Aliingia, akakaa, akanusa, akauliza yaliyotokea tangu mwanzo. Alipokwisha kuambiwa akauliza swali moja tu.

"Nani kati yenu anaamini ni Fundi?"

Msusi akamtazama mama, mama akatazama sakafu.

"Mimi nimeosha maiti wengi," Mama Tulia akasema. "Wengine nilikuwa nawapenda. Hakuna hata mmoja aliyenishika mkono. Wafu hawashiki, wanangu. Wafu wameachia." Akamgeukia mama. "Wewe ndiye uliyemzaa. Muulize jambo analolijua yeye na wewe peke yenu. Jambo ambalo huyu mkwe wako hajawahi kulisikia."

Ilionekana wazi kwamba mama alikuwa na swali hilo siku zote, na siku zote alikuwa amelikimbia. Akaisogelea miguu ya kitanda.

"Baba," akasema, kwa lile neno la mapenzi ambalo mama humwitia mwanawe wa kiume. "Siku tuliyomzika baba yako ulipotea. Mtaa mzima ulikutafuta. Nilikukuta wapi?"

Harufu ya gundi ikajaa chumbani. Misumari ikagongana. Msusi alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo, na akili yake, bila yeye kuituma, ikakisia: kaburini, mtoto wa watu atakuwa alikwenda kaburini.

"Kaburini," sauti ikasema papo hapo. "Ulinikuta kaburini, mama."

Mama akafumba macho. Akakaa hivyo, ameshika ukingo wa kitanda, na kile kilichotoka kifuani mwake hakikuwa kilio bali pumzi, ndefu, ya mtu anayezikiwa mwana mara ya pili.

"Si yeye," akasema.

"Anajua anachokijua huyu aliyelala," Mama Tulia akasema. "Anachota humo humo. Majini hawa hukaa chini ya ngazi za kale. Ngazi zilipovunjika alikosa nyumba, akakuta mfupa uko wazi, akaingia. Daktari akaja na chuma akafunga, hakukosea, ndiyo kazi yake. Lakini jini na chuma hawaelewani. Chuma kimemkalia mlangoni, hawezi kutoka hata angetaka, naye mwenyewe hataki. Amekuta mtu wa kumwita mume."

"Tumfanyeje?" Msusi akauliza.

"Daktari anakufungua lini?"

"Kesho kutwa asubuhi."

"Basi chuma kikitoka, mlango utakuwa wazi. Mwambie aende. Kwa kinywa chako, kwa sauti. Usimwite jina la mumeo hata akikulilia. Mimi nitakuwa nasoma huku." Kisha akamtazama mama kwa macho makali. "Na wewe, dada yangu, siku hiyo kaa nyumbani. Akitoka atatafuta wa kumkaribisha. Pale mlangoni asiwepo mtu mwenye njaa ya sauti hiyo."

"Nitakaa nyumbani," mama akasema.

Asubuhi ya upasuaji Msusi alichomwa ganzi ya mgongo, na kuanzia kiunoni kushuka mwili wake ukawa wa mtu mwingine. Wakamwekea pazia la kijani kifuani asione. Mtaalamu wa ganzi, kijana mchangamfu, alikaa kichwani pake.

"Ukisikia keekee usishtuke, dada. Seremala anatengeneza kabati."

"Nimekusikia," Seremala akasema kutoka upande wa pili, na watu wakacheka, hata Msusi.

Akasikia chombo kikifungua skrubu, mzunguko kwa mzunguko, na kila skrubu ilipotoka ilidondoshwa kwenye bakuli la bati. Mguu haukuwa na hisia yoyote. Kisu hakukihisi, vidole vya daktari hakuvihisi. Ila ule mkono. Mkono aliuhisi kama kawaida, baridi, vidole upande huu na dole gumba upande ule, na kadiri skrubu zilivyodondoka ndivyo ulivyozidi kumng'ang'ania.

"Nani ameushika mguu?" Seremala akauliza ghafla.

"Hakuna, daktari," msaidizi akajibu. "Mikono yangu hii hapa."

"Umevutwa. Nimeuona." Sauti yake ilishuka. "Mwenye ganzi, mgonjwa anasikia chini?"

"Hawezi kusikia chochote huko."

Bamba likatoka. Likagonga bakuli kwa mlio mrefu, na taa kubwa ya juu ikafifia kama taa iliyoona haya, mashine ya mapigo ya moyo ikaanza kukimbia, chumba kile kilichonuka spiriti kikanuka gundi, waziwazi, mpaka mtu mmoja nyuma ya barakoa akauliza nani kaleta gundi humu, na kutoka nyuma ya pazia la kijani, chini, karibu, kwa sauti ambayo Msusi angeitambua hata kaburini mwake mwenyewe, ikaja ile sauti bila misumari sasa, laini, ya mtu anayeamka kando yako asubuhi, ikisema mke wangu, kuna giza huku, mke wangu, nilikushika ili nisianguke, usinifungue vidole, wao walinifungua vidole, usinifungue na wewe.

Msusi alitaka kuliita jina. Lilifika mpaka kwenye ulimi, akalimeza, likamkwaruza.

"Toka," akasema.

"Dada?" mtaalamu wa ganzi akamwinamia.

"Wewe si mume wangu. Mume wangu ameniachia. Toka mguuni mwangu, nenda." Machozi yalimwingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. "Nenda! Nataka kutembea!"

Mkono ukaachia kidole kimoja kimoja, kama ulivyofunguliwa siku ile. Cha mwisho kuondoka kilikuwa dole gumba, na kabla hakijaondoka kilikizunguka kile kinundu cha mfupa mara moja, polepole, kama Fundi alivyofanya. Kisha hapakuwa na kitu. Taa ikarudi. Mlango wa chumba cha upasuaji, ule wa kusukuma, ukafunguka wenyewe ukajirudisha.

"Upepo," Seremala akasema, ingawa ndani mle hapakuwa na dirisha. Mikono yake ilisimama hewani kwa muda. Kisha akavuta pumzi. "Nipeni mfupa wa nyonga. Tuendelee."

Walipomtoa na kitanda cha magurudumu, Msusi aligeuza kichwa. Kwenye benchi la korido, kando kabisa ya mlango, alikaa mama mkwe wake. Uso ulikuwa umelowa, na midomoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyepokea mgeni kutoka mbali.

"Mama? Si ulisema utabaki nyumbani?"

"Ningekuachaje peke yako?" mama akasema. Lakini hakuinuka kukifuata kitanda. "Tangulia, mwanangu. Miguu imekufa ganzi kidogo."

Mfupa uliunga. Seremala aliipachika picha mpya kwenye taa, akamwonyesha utando mweupe uliokuwa unaziba mianya, akampigia makofi kama mtoto aliyeanza kusimama. Fremu ikatolewa. Msusi akajifunza kukanyaga, kwanza nusu ya uzito, kisha wote. Kifundo kilikuwa kigumu asubuhi na kingebaki kigumu maisha yake yote, lakini kilikuwa chake. Akarudi saluni, akasuka akiwa amekaa kwenye stuli ndefu, na wateja wakamtania kwamba sasa amekuwa bosi.

Mama naye alinawiri usoni. Aliacha kulia. Ila hakuinuka tena sana. Kwanza alisema ni magoti, halafu uzee, halafu akaacha kutoa sababu. Alikula kitandani, mlango umefungwa, na miguu yake Msusi alipoipaka mafuta ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi.

Jioni moja Msusi alirudi mapema, akachechemea koridoni, na kwenye mlango wa mama akapigwa na harufu ya gundi. Alishika kitasa. Sasa alikuwa na miguu miwili na alijua la kusema. Alisukuma mlango kidogo, mama akageuka, wala hakushtuka.

"Mama," Msusi akanong'ona. "Si yeye. Uliona mwenyewe. Hajui kitu."

"Najua si yeye, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Nilijua kabla yako. Hajui kitu, ndiyo. Namfundisha."

Kutoka chini ya shuka, miguuni, misumari ikagongana. "Halafu?" sauti ikauliza. "Halafu nikafanya nini, mama?"

"Halafu ukaingia kwenye lile tangi tupu la maji nyuma ya shule," mama akasema, macho yake yakitazama kitu cha mbali. "Ukaita, 'Baba!' Na tangi likakuitikia, 'Baba!' Nilipokukuta ulikataa kutoka. Ukaniambia, 'Mama, ananijibu.' Watu wakasema nikuvute kwa nguvu. Mimi sikukuvuta. Nilivua viatu nikaingia nami, nikakaa."

Msusi alikuwa amefungua kinywa amfukuze yule jini. Neno lilikuwa tayari. Lakini aliishi na mume wake miaka yote ile na habari ya tangi hakuisikia, wala hakujua kwamba Fundi alipata kuwa mtoto mdogo hivyo, mwenye sauti inayomrudia. Kifundo kikamuuma. Akauegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka sakafuni.

"Halafu?" ikauliza.

Na Msusi, mgongo ukutani, mguu wake mzima umenyooka mbele yake, akakaa kusikiliza.